Ukuta Uliosomwa na Wageni

Landhi za Reli,
Sanduku la Posta 63,
Nakuru.
Tarehe 8 Juni 1958

Mpendwa kaka Micah,

Nakusalimu kwa jina la Bwana wetu, wewe na shemeji Anyango na mtoto wenu Jonah. Natumaini mko wazima, na kama kuna anayeugua hata mafua tu, Mungu amponye kabla barua hii haijawafikia. Wanasema Jinja kuna joto na mbu wengi kwa sababu ya ziwa. Je, mmezoea? Na mtoto anatembea sasa? Anaongea? Nimejiuliza anaongea lugha gani, nikaona sina haki ya kuuliza, lakini nimekwisha andika na hii ndiyo karatasi safi ya mwisho niliyo nayo, basi swali likae hapo hapo.

Sisi hapa hatujambo. Mama ana nguvu zake, isipokuwa goti la kushoto ambalo humsumbua baridi ya Juni ikianza. Mke wangu Truphosa humjui; nilimwoa mwaka wa hamsini na tano, na Mungu ametupa watoto wawili wa kike. Dada yetu Eucabeth, uliyemwacha akiwa msichana wa kuchota maji, sasa ananipita kwa urefu na anashona nguo katika duka moja la Mhindi mjini. Mimi ni karani katika ofisi ya mizigo ya reli, na tunakaa hapa landhi, nyumba za wafanyakazi. Navaa tai.

Salamu nimezimaliza na sasa mkono umekuwa mzito. Hii ni barua ya nne, tatu nimezichana. Kaka, nimeona tangazo lako. Lile uliloliweka gazetini mwezi wa Novemba mwaka jana, mimi nimeliona tarehe 31 Mei mwaka huu. Tafadhali usiikunje barua hii ukaitia jikoni. Najua ulivyotuwazia uliposimama hapa stesheni na mkeo na mtoto, ukakosa hata mtu mmoja wa kukupokea mzigo. Nakuomba unisome mpaka mwisho, ingawa sisi hatukukusoma.

Sitajitetea. Nataka tu ujue ilivyokuwa, maana ukibaki na hasira ni afadhali iwe hasira ya jambo lenyewe kuliko ya jambo ambalo halikuwako.

Unakumbuka gazeti lilivyosomwa kule Molo? Lilikuja mara moja kwa wiki, na lori la viazi likirudi tupu kutoka Nakuru, limefungwa pamoja na sukari ya nyapara. Jumapili baada ya ibada watu wa shamba zima walikaa mbele ya nyumba yetu, wengine juu ya madebe, wengine chini kwenye nyasi, wamejifunika makoti ya kazi kwa ajili ya baridi. Wewe ulisimama ukaanza na jina la gazeti, kisha tarehe, kisha bei yake, utadhani kuna mtu atakayeinuka kulinunua. Hukuruka kitu. Bei ya mahindi, bei ya ngozi, barua za wasomaji wanaogombana juu ya mahari, baiskeli mpya zilizofika dukani, dawa ya kichwa, mtu aliyepoteza ng'ombe, mtu aliyepoteza ndugu. Ukitaka kuruka mstari, Baba alikohoa. Hata yale maneno madogo ya mwisho kabisa, yanayosema gazeti limepigwa chapa wapi, uliyasoma, na hapo watu wakasema amina, wakajua limekwisha.

Na jambo lile lilifanya kazi. Unamkumbuka mpishi wa nyumba kubwa, yule mwenye kigugumizi? Uliposoma kwamba mtu fulani wa Maragoli anamtafuta mtoto wa dada yake aliyepotea tangu vita, mpishi akasimama katikati ya watu na kigugumizi chake, "Ni-ni-ni mimi huyo." Watu walicheka mpaka wakalia. Wiki mbili baadaye mjomba wake alikuwa kwetu anakunywa chai. Siku hizo kama ungeweka tangazo lako, kaka, shamba zima lingeshuka stesheni, na Wakipsigis wa zizini pia.

Wewe ulipoondoka, baada ya Baba kusema hataki mkwe wa kabila lingine, kazi ya kusoma nilipewa mimi. Sitaki kufukua maneno ya siku ile. Unayajua. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, nimenyamaza, na tangu hapo nimekuwa hodari sana wa kunyamaza.

Kisha ikaja Hali ya Hatari. Bwana wa shamba akakataza watu kukaa kikundi, hata matanga yakawa ya watu wachache, kila mtu akimtazama mwenzake kwa jicho la pembeni. Jumapili moja nyapara alikuja nikiwa nimefika kwenye bei ya ngozi tu. Akanambia, "Naftaly, hiyo gazeti soma na mdomo yako peke yako. Mimi sitaki kuitwa juu yenu." Watu wakainuka na madebe yao wakaenda. Tangu siku hiyo, aliyetaka habari alikuja peke yake jioni, akauliza mlangoni, akajibiwa mlangoni. Kwanza waliuliza nani ameshikwa. Baadaye hawakuuliza tena.

Mtu mmoja tu niliendelea kumsomea, naye ni Baba. Mwaka wa hamsini na nne kifua kilimshika, ile baridi ya Molo ilimwingia na haikutoka. Nilikaa kitandani kwake nikisoma kwa sauti ya chini. Habari za vita hakutaka, bei hakutaka. Alisema, "Rudia pale pa matangazo." Nikasoma tena wanaotafutwa na wanaotafuta. Akasema, "Rudia." Nilidhani hasikii vizuri. Kaka, masikio ya Baba yalikuwa mazima mpaka siku aliyotutoka. Hakulitaja jina lako, na huo ndio ubishi wake unaoujua, lakini sasa naona alikuwa akikutafuta kwa njia pekee aliyoweza bila kuomba radhi. Sikukuandikia haya mapema kwa sababu sikuyaelewa mapema, na pia kwa sababu hatukujua uko wapi.

Tulipomzika (naona habari ilikufikia kwa midomo ya watu, maana tangazo lako linamwita marehemu) tulikaa kidogo, kisha tukahama. Nilipata kazi reli, nikamleta Mama na Eucabeth hapa Nakuru. Barua zako za Molo zilirudishwa kwa sababu hiyo, hakuna aliyezikataa. Hilo naweza kuapa.

Sasa nije kwa aibu zangu mwenyewe. Wiki ya kwanza ofisini nilinunua gazeti, na saa ya kula nikaketi na makarani wenzangu nikaanza kulisoma kama tulivyozoea, jina, tarehe, bei. Walinitazama. Kisha mmoja, kijana wa Kisii mwenye nywele za kugawanya kati, akasema, "Wewe, umekuja kazi ama kuhubiri?" Wakacheka wote. Nililikunja gazeti. Nikaona kwamba mtu wa mjini husoma kwa macho, mdomo umefungwa, na midomo ikitikisika ni ushamba. Nikajifunza. Nilijifunza vizuri mno, hata nyumbani nikawa nasoma kimya, mguu juu ya mguu.

Na hatusomi tena gazeti, tunaligawana. Kila mtu hapa landhi ananunua lake siku hizi, wasomi wamekuwa wengi, jambo jema, lakini likiingia nyumbani linakatwa kama kuku. Mimi nachukua mpira. Eucabeth anachukua picha za nguo na barua za vijana wanaotaka marafiki wa kuandikiana. Truphosa anachukua mambo ya akina mama na mahubiri. Jirani anakuja kuazima ukurasa wa siasa na haurudishi. Ukurasa wa matangazo ndio miguu ya kuku. Kila mtu anamwachia mwenzake.

Mama alikuwa akikaa mbele kabisa Molo, unakumbuka, na kisu chake cha viazi mkononi. Hapa mwanzoni aliniuliza kila nikifungua, "Leo linasemaje?" Nami nilijibu, macho yakiwa kwenye mabao, "Hakuna kitu, Mama." Akirudia, narudia. Mwishowe akaacha kuuliza. Nimehesabu kwa kichwa changu nikaona kwamba hata siku ile gazeti lenye tangazo lako lilipokuwa mikononi mwangu, kama aliniuliza, nilimjibu hivyo hivyo. Hakuna kitu. Hilo ndilo linaloninyima usingizi kuliko mengine yote.

Lilikuwa mikononi mwangu kweli. Tangazo lako lilikuwa nyuma ya ukurasa wa mpira. Nilisoma timu zote, nikabishana na jirani juu ya kipa, na muda wote huo nilikuwa nimelishika jina lako kwa vidole. Na Jumamosi yenyewe mliyopita hapa, tarehe 14 Desemba, nilikuwa uwanjani. Reli tulifungwa mabao matatu. Nilirudi nyumbani jioni nimenuna, nikalala mapema, na gari lenu la moshi likapita mbele ya landhi zetu likipiga honi.

Hii sasa ni habari ya ukuta. Eucabeth amepata mchumba, kijana anayeitwa Kipkorir, fundi wa matrekta, wa watu wa upande wa Molo. Ni mtu mpole, hanywi, na anampenda dada yetu kwa macho ya wazi. Ndiyo, kaka, ni Mkipsigis. Nilikubali bila neno. Mama alikubali bila neno. Usiku ule tulipokubali hakuna aliyetaja Anyango, lakini nilimwona Mama akifuta kikombe kimoja kwa muda mrefu sana. Ulichofukuziwa wewe, Eucabeth amepikiwa chai kwa hicho hicho. Sina la kusema hapo isipokuwa nimeona haya.

Kuna baya zaidi. Kipkorir alipokuja mara ya kwanza akaniuliza kama tuna ndugu wengine, ili wazee wake wajue nani wa kuzungumza naye, nikamwambia tuko wawili tu, mimi na Eucabeth, na mimi ndiye mkubwa wa nyumba. Lilitoka mdomoni kwa urahisi. Kueleza habari zako kungetaka kueleza za Baba, na za kukatazwa, mbele ya mtu ambaye ni wa kabila lingine pia. Eucabeth alinitazama, kisha akatazama chini. Alitaka kuolewa. Usimlaumu.

Basi wazee walipotuma habari kwamba watakuja tarehe 31 Mei, Truphosa akasema ukuta wa sebuleni umekuwa mweusi kwa moshi wa jiko na hatuwezi kukalisha wakwe hapo. Unajua tunavyofanya: akapika uji mzito wa unga wa ngano, akatoa magazeti yaliyokuwa chini ya kitanda, akabandika ukuta wote mpaka darini. Alipofika kwa ule ukurasa wa mpira aliuona una picha ya wachezaji wamevaa kaptura fupi, mapaja nje. Truphosa ni mama wa kanisa. Alisema wakwe hawawezi kula wakitazama mapaja ya wanaume. Akaugeuza, akabandika upande wa matangazo ukitazama nje, karibu na kiti cha mgeni wa heshima. Alinyoosha kwa kiganja chake, mistari yote, asisome hata mmoja. Nami nilimshikia bakuli la uji.

Wakaja watano. Mkubwa wao ni mzee Kiplangat, baba mdogo wa Kipkorir, mzee wa kofia na fimbo, aliyejifunza kusoma ukubwani katika darasa la misheni. Tukamkalisha kwenye kiti kile. Kuku alikuwa bado jikoni, Truphosa alichelewa kuwasha makaa, na unajua jinsi wageni wanavyosubiri chakula: wanasifu nyumba, wanauliza mvua, kisha wanageukia ukuta. Mzee akavaa miwani yake akaanza kusoma. Anasoma kama watu wa zamani, kaka, kwa sauti, kidole juu ya mstari, haruki kitu. Wenzake wakaitikia "Ehe" kila akipumua. Alisoma tangazo la baiskeli. Alisoma mtu aliyepotelewa na ng'ombe mwekundu mwenye pembe moja, wakamhurumia, wakaulizana ng'ombe huyo ameonekana wapi. Mimi nilikuwa nimeketi na tai yangu, naona raha, nikiwaza nyumba yetu imesomeka vizuri.

Kisha akasoma: "Natafuta mama yangu Rebeka Nasimiyu, mjane wa marehemu Jonah Wasike, zamani wa Molo, na ndugu zangu Naftaly na Eucabeth. Barua zangu zimerudi. Nitapita stesheni ya Nakuru katika gari la Kampala jioni ya Jumamosi tarehe 14 Desemba, pamoja na mke wangu Anyango na mtoto wetu Jonah. Tutashuka tusimame platifomu. Nisipoona mtu nitaelewa. Micah Wasike, Sanduku la Posta 218, Jinja, Uganda."

Hakuna aliyesema "Ehe".

Mama alikuwa mlangoni na birika la maji ya kunawa mikono. Akasema, "Soma tena." Mzee akasoma tena, polepole zaidi, akafika kwenye jina la mtoto akanitazama juu ya miwani. Mama akauliza, "Hiyo Jumamosi imekwisha?"

Nilitaka kujibu. Mimi ndiye karani, mimi ndiye ninayejua tarehe za magari yote yanayopita Nakuru. Lakini Kipkorir ndiye aliyemjibu, kwa upole sana, "Imekwisha, Mama. Ni ya mwaka jana."

Mama akaenda kwa mzee Kiplangat akamwaga maji mikononi mwake, akaenda kwa wa pili, wa tatu, mpaka wa mwisho, wala hakumwaga tone chini. Mimi aliniruka. Nilikuwa nimenyoosha mikono tayari, nikairudisha magotini mbele ya wageni wote.

Tulikula. Sijui tulikula nini. Baada ya kula mzee alifuta mdomo akasema, bila ukali, na ingekuwa afadhali awe mkali: "Kwani nyinyi hapa hamsomangi hii karatasi?" Nikasema tunasoma. Akasema, "Sisi tulikuja kuongea na mkubwa wa hii boma. Sasa tunasikia mkubwa yuko Jinja. Hatuwezi kuongea na mdogo na mkubwa yuko hai. Siku atakuja, mtutumie habari, na sisi tutarudi." Walishukuru kwa chakula, wakamuaga Mama kwa mikono miwili, wakaondoka. Kipkorir alibaki nyuma kidogo kana kwamba anafunga kamba ya kiatu. Aliniuliza, "Ulisema muko wawili?"

Sasa unaona kwa nini nimechana barua tatu. Kila nikiandika njoo, naona unavyosoma: wamenikumbuka kwa sababu wananihitaji, wana msichana wa kuoza. Haki yako kuwaza hivyo. Nikiacha kukuambia habari ya Eucabeth, nitakuwa nimekuficha jambo, na kuficha ndiko kulikonifikisha hapa. Kwa hiyo nimekuandikia yote. Eucabeth mwenyewe amesema nisikuombe kwa ajili yake. Amesema hata wazee wasiporudi ni sawa, atangoja, lakini usije ukadhani umeitwa kukalia kiti cha mazungumzo. Alilia alipokuwa akisema hivyo, kisha akanikasirikia kwa kumwona akilia.

Ninalokuomba mimi ni moja. Usiache neno lako la mwisho liwe lile la gazetini. Ulisema utaelewa. Ulichokielewa si kweli. Hakuna aliyekaa nyumbani akasema haendi. Tungejua, Mama angetangulia tangu asubuhi na goti lake, na tungebebana. Hatukukukataa, tulikuwa tumeacha kusikia, na sijui kama hilo ni jambo dogo zaidi. Nimelipima kila upande na bado silijui.

Mkikubali kuja, njooni wote watatu, kwa gari lolote, siku yoyote. Kama hutaki kuja, niandikie unikatae wazi, nitamsomea Mama yote bila kuruka mstari. Kama unaona heri sisi tuje Jinja, Mama amekwisha toa sanduku lake juu ya kabati. Naweza kupata ruhusa ya kazi na tikiti ya wafanyakazi. Usinijibu kwa ajili yangu. Mjibu yeye.

Jumapili hii nimeanza tena kumsomea gazeti, jina, tarehe na bei. Hakuniomba, alichukua kigoda akaketi mbele yangu na viazi vyake, akangoja. Nyumba hizi za reli ni za ukuta mmoja na majirani wanasikia kila neno. Wanajua kwa nini nasoma. Habari ya wakwe ilizunguka landhi zote kabla sufuria hazijaoshwa. Nikiingia ofisini yule Mkisii hacheki tena, ananisalimia kwa sauti ya matanga, na hilo linaniuma kuliko kicheko chake. Nasoma hivyo hivyo.

Truphosa alitaka kubandua ukurasa ule, anaona haya kila mgeni akiingia. Mama amemkataza. Anwani yako niliinakili nikiwa nimesimama ukutani asubuhi kabla ya ibada, watu wote wa nyumba wakiwa wamekaa nyuma yangu wakinitazama, nikalinganisha tarakimu mara mbili kama mtoto wa darasa la kwanza.

Truphosa anakusalimu na anaomba umsamehe, ingawa kosa lake ni dogo kuliko langu. Eucabeth anakusalimu, anauliza kama bado unapiga mluzi ukifunga viatu. Kipkorir, kama nina haki ya kumtaja, anakusalimu kama mkwe asiyejulikana bado. Mnisalimie shemeji Anyango, na mwambie kwamba namwita shemeji kwa kinywa kizima, nimechelewa miaka saba. Mtoto mpigieni busu usoni kwa niaba ya nyumba hii. Mungu awalinde nyote huko ng'ambo, awape mvua ya kutosha na usingizi mzuri, na akufungulie moyo kwetu siku anayoona inafaa.

Nilimwuliza Mama kama ana neno la kuongeza. Nilikuwa nimemsomea barua yote, na hizi aibu zote, naye alikuwa akimenya viazi bila kuinua kichwa. Nilidhani atasema nasi tunakuomba radhi. Amesema niandike hivi, na niandike kama alivyosema, nisitengeneze:

"Mwambie mimi sijui kusoma. Hao wanaojua, wajisemee wenyewe."

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, mmoja wa wale wanaojua,

Naftaly Wasike